Kidole Chenye Wino

Karani wa usajili alinishika kidole gumba akakigandamiza kwenye pedi ya wino. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, simu aliilaza mezani, akafungua spika.

"Mnaotoka kazi nyingine lazima mhasibu awasemee," alisema. "Ni dakika tu, nesi."

Wasiwasi wa nini? Mdhamini wangu alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mhasibu pekee katika ukoo wetu. Ndiye aliyenipa vitabu vyake vya zamani, akanifundisha mizania jikoni kwake, mimi bado nimevaa sare ya wodini. Mwaka jana nilipoambiwa nafasi zimejaa, alinikumbatia, tukalia wote hadi kilemba chake kikalowa.

"Halo, mama. Tunamsajili mdogo wako kwa mtihani wa uhasibu. Unamdhamini?"

Ikaja ile sauti niliyoizoea tangu utotoni, sasa imeshushwa.

"Yuko hapo karibu?"

Karani alinitazama. Kabla hajajibu, dada akaendelea.

"Mwambie nafasi zimejaa. Kama mwaka jana."

Kidole changu kilibaki hewani. Wino ulikuwa ukipenya taratibu kwenye mistari ya ngozi, ukaingia hadi chini ya ukucha.

"Na tafadhali, mwambie kwa upole," dada alisema. "Huyo machozi yake yako karibu."

Niliinama hadi mdomo wangu ukakaribia kugusa simu.

"Nimeshaambiwa, dada. Kwa upole kabisa."