Ubao Umerudi Peke Yake

Ubao ulirudi ufukweni peke yake, bila shemeji.

"Kazama!" Mjomba akapiga kelele, mikono kichwani. "Mchana tunaozesha, na bwana harusi kazama!"

Lakini Chiriku, anayekodisha mbao hizo za kusimama na kupiga kasia ziwani, alikuwa keshapiga magoti majini. Kuna kitu hakikumkalia sawa akilini. Akaivuta kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu na ubao wake ili akianguka wasipoteane.

Mtu akianguka, kamba inabaki mguuni. Hii ilikuwa imevuliwa. Tena velkro yake, ule ukanda wa kunasa, ilibandikwa vizuri, ncha juu ya ncha, kama kazi ya mtu asiye na haraka.

"Mjomba, hebu ona kasia."

Kasia lilikuwa limebanwa kwenye lastiki za mbele ya ubao. Jaketi la kuelea limekunjwa pembeni yake.

"Sasa?"

"Sasa nani anazama huku anakunja jaketi? Na ule mfuko usioingiza maji uko wapi? Asubuhi nilimfungia mwenyewe. Nikamuuliza, shemeji, mbona mzito hivi? Akacheka tu."

Mjomba akashusha mikono. Wote wawili wakatazama ng'ambo, kule inakopita barabara kuu.

Nyuma yao kokoto zikalia. Dada yake Chiriku alikuja mbio, peku, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado.

"Chiriku, niambie ukweli. Amekufa?"

Chiriku akainuka taratibu, magoti yanachuruzika maji.

"Hajafa, dada," akasema. "Njoo ukae kwanza."