Ukili wa Bi Mwanahija

Bati la paa la soko lilikuwa limelegea tangu mwaka juzi, na wakubwa wa mji walipita chini yake kila siku. Lilipoanguka halikumpata mkubwa hata mmoja. Lilimpiga kichwani Bi Mwanahija, msuka mikeka.

Nesi alisema apumzike wiki nzima, mbali na mwanga na kazi ya macho. Asipoamka akiitwa, arudishwe hospitali upesi. Na mkeka wa harusi ya mjukuu ulikuwa haujaisha.

Mumewe, Shekue, akaziba dirisha kwa kanga, akakaa chini na miyaa ya mkindu mapajani, auendeleze ukili, ule ukanda wa mkeka.

"Mwanamume kusuka ukili," mkewe alisema. "Barazani watakucheka mpaka Ramadhani."

"Wacheke tu. Nielekeze."

Akamwelekeza macho kayafumba: pitisha juu, vuta, pitisha chini. Kisha akaupapasa ukili kwa kidole gumba.

"Umeruka mwaa mmoja, Baba Zuhura. Fumua."

Akafumua, akasuka upya.

"Na sasa?"

Kimya.

"Mama Zuhura."

Akamwekea ukili kiganjani, akangoja. Kidole gumba kikasogea polepole juu ya msuko, kikasimama palepale alipokosea tena.