Shukrani kwa Tom

Mkia ndio ulikuwa wa mwisho kuondoka. Russell Haverty aliufuta kwenye mchoro wa ndege ndani ya kompyuta bila huruma, kisha akatazama kioo chake. Mstari mwekundu ulikuwa bado juu ya mweusi, lakini kidogo tu.

Mwekundu ulikuwa hesabu zake, jinsi ndege mpya itakavyoonekana kwenye rada. Mweusi ulikuwa kipimo halisi kutoka uwanja wa msituni, ambako ndege ya mfano huwekwa juu ya nguzo na kupigwa mawimbi ya rada. Mistari ikilingana mbele ya wanunuzi siku ya Ijumaa, angebaki mkuu wa idara. Isipolingana, kiti kingekwenda kwa Gunvor, msimamizi wa uwanja.

Miaka tisa Uswidi, na bwana mkubwa hajui hata kuagiza kahawa kwa lugha ya wenyeji. Wenzake walimwita Russell tu, kama wanavyoitana wote kule. Yeye aliona wanamnyima udaktari wake.

Gunvor alimtumia mafaili mawili. "Mengine yanakuja, Russell. Usiwe na pupa."

La kwanza liliandikwa KULA. Ilibidi aulize, akaambiwa kula kwao ni mpira, ule wa chuma wa kusawazishia mitambo. Ofisi nzima iliangua kicheko. Akaapa hatauliza tena. La pili, TOM, halikuhitaji mkalimani. Hatimaye fundi mwenye jina la kutamkika!

Basi, ili hesabu zake zishuke hadi kipimo cha faili hilo, alikuwa ameshapunguza mbawa, akaziba matundu ya injini, akafuta mkia. Sasa akaushusha mstari mwekundu kidogo kwa mkono. Ukalala juu ya mwenzake.

Ijumaa wanunuzi walikodoa macho.

"Mnaona? Ndege yetu karibu haionekani kabisa!"

Makofi. Gunvor aliacha kutafuna andazi lake la mdalasini. "Russell, hicho kipimo umekitoa wapi?"

"Kwako, mama. Wivu wa nini tena? Na fundi wako Tom asimame, tumpigie makofi."

Hakusimama mtu. Mmoja alijificha nyuma ya kikombe, mabega yakimtikisika.

"Daktari," Gunvor akasema, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, "hapa hatuna Tom. Tom kwa Kiswidi ni 'tupu'. Hiyo uliyolinganisha nayo ni nguzo peke yake. Ndege tunaipandisha Jumatatu."