Fainali ya Wafini Wawili

"Shika mtu, wewe! Umekuja kulala?"

Eemeli alimsukuma Vilho kifuani, na Vilho akarudi nyuma tena, kama alivyokuwa akirudi tangu asubuhi. Jua la Stockholm lilikuwa limewababua mabega. Watu wakazomea. Katika mieleka hii miguu haishikwi, ni kiuno kwenda juu tu, na Vilho kila akibanwa alijilaza kifudifudi mkekani, mzito kama gogo.

Hasira ya Eemeli ilianzia nyumbani, Helsinki. Kaka yake Arvi alikataa kuwa askari wa Tsar, mfalme wa Warusi aliyewatawala Wafini, akafungwa. Mwezi uleule Vilho akaonekana mezani kwa kanali wa Kirusi, anakula. Na leo, Mfini yeyote atakayeshinda, bendera itakayopandishwa ni ya Tsar. Eemeli alikwisha apa: msaliti huyu hatasimama chini ya bendera hiyo akichekacheka. Atashinda yeye, aigeuzie bendera mgongo, dunia nzima ione.

Kanali mwenyewe alikaa karibu kabisa na mkeka, ametega masikio. Kifini alikijua vizuri.

Mwamuzi akasimamisha pambano. "Nimechoka nanyi! Kengele ya jioni ikilia hamjaangushana, nyote mnachukua nafasi ya pili. Ya kwanza haina mtu."

Walipokumbatiana tena, Vilho alinong'ona, "Umesikia? Tulia basi, ndugu yangu."

"Ndugu yako yule pale, kavaa nishani!"

"Eemeli, nakusihi. Tulia."

Neno lile lilimchoma. Kutulizwa kama farasi, tena na mtu aliyeshiba kwa Warusi! Akapitisha mikono chini ya makwapa ya Vilho, akamng'oa, akajitupa naye nyuma. Mabega yote mawili ya Vilho yakabamiza mkeka. Mwamuzi akapuliza filimbi, na kabla hajaitoa mdomoni, kengele ya jioni ikalia.

Kanali akaruka, akamkumbatia Eemeli na jasho lake lote. "Tsar atafurahi, mwanangu!" Kisha akakimbilia kwenye mlingoti, akiwapigia kelele wenye kamba.

Eemeli akamwinamia adui yake. "Haya, cheka sasa."

Vilho alikuwa bado chali, analia.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Kama kusingekuwa na mshindi, wangepandisha bendera ya nani?"