Kisanduku Kilichomjibia Nasra

Nilisikia uvumi kwamba kisanduku cha maandishi humjibia mtu anayenyamaza. Niliupuuza, lakini ukakataa kunitoka.

Siku hizi ndoa lazima irushwe hewani, na kinachohesabika ni maneno yanayoandikwa chini ya picha, si ya mdomoni. Basi akaja Fundi Kheri, miwani myeusi ndani ya nyumba, akachomeka nyaya za kisanduku chake kwenye kamera huku akijikohoza kama daktari.

"Hicho kitufe cha kijani ni cha nini?" nikamuuliza.

"Mama, wewe pika pilau. Mtu akikaa kimya, kinamwandikia jibu. Kimejifunza harusi elfu."

Harusi elfu, na akili hakijapata.

Shehe akamuuliza binti yangu Nasra kama ameridhia. Nasra akanyamaza. Mimi niliyemzaa naujua ukimya ule: alikuwa anakusanya nguvu aseme hapana. Chini ya picha pakatokea: NIMERIDHIA. Wajinga wakapiga vigelegele.

"Sijasema kitu!" Nasra akalia.

"Imeshaandikwa, dada," akasema fundi, mdomo umejaa pilau yangu.

Sasa Nasra yuko Mtwara kwa mumewe. Kila Ijumaa hunipigia simu ya video. Midomo ameifunga, na chini pameandikwa: Mama, nina raha.

Wenye mabinti, epukeni haya:

Fundi anayewatuma jikoni mkimuuliza.
Kitufe cha kijani kikiwa kimewaka.
Kunyamaza, hata kwa kuvuta pumzi.
Kusoma maandishi kabla ya kumtazama mwanenu mdomoni.