Chumba cha Kahawia

Siku alipotoka eda, Mwatumu alikwenda dukani akanunua ndoo mbili za rangi ya kahawia, ile iliyokoza kama kahawa chungu. Alirudi nyumbani, akasukuma kitanda katikati ya chumba, akaanza kupaka.

Alikuwa amemaliza ukuta mmoja alipoingia shemeji yake, Faraji, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, unafanya nini? Kesho namleta mtu kuiona nyumba. Nani atanunua chumba cheusi hivi?"

"Si cheusi. Ni kahawia."

"Kaka alipenda nyeupe."

"Alipenda. Mimi sikuwahi kuulizwa."

Faraji akashusha sauti. "Ukoo umeshaamua, Mwatumu. Nyumba itauzwa, nawe utarudi kwenu."

Mwatumu hakuacha kupaka. "Nyumba hii tumeijenga wawili. Maji ya kukorogea saruji niliyabeba mimi, kwa kichwa hiki. Waambie ukoo kwetu ni hapa."

Faraji akamsogelea amnyang'anye brashi. Mwatumu akageuka, brashi ikichuruzika rangi, akamkazia macho mpaka shemeji yake akarudi nyuma na kujibamiza kwenye ukuta mbichi.

Alitoka bila kuaga. Barazani majirani waliacha mazungumzo yao, wakaitazama kanzu yake nyeupe ikipita na mgongo mzima wa kahawia.

Ndani, Mwatumu alipanda juu ya kitanda, akachovya brashi, akaanza na dari.