Mgeni Halazwi Chini

Katika mji ule kila chumba kilikuwa na kazi yake kisheria, na nyumba yenyewe ndiyo iliyosimamia. Aliyelala chumbani alihesabiwa mwenyeji. Aliyelala sebuleni alihesabiwa mgeni, na mgeni hakuruhusiwa kukaa zaidi ya wiki.

Mwanahawa aliijua sheria hiyo. Lakini wifi yake, Saumu, alipobisha hodi akilalamika mgongo unamuuma, angefanyaje? Mgeni halazwi chini. Alimpa kitanda alichoachiwa na marehemu mumewe, naye akatandika mkeka sebuleni.

"Siku mbili tatu tu, wifi," Saumu alisema.

Siku zikasogea. Kila Mwanahawa alipogusia kurudi chumbani kwake, mgongo ulizidi kuuma. Ajabu ni kwamba mgongo huohuo ulisukuma kabati hadi upande wa pili bila msaada. Mwanahawa aliliona hilo akalimeza, maana kumuuliza mgeni ataondoka lini ni aibu.

Asubuhi moja alitoka kununua maziwa. Aliporudi, aliweka kiganja mlangoni kama kawaida, mlango usifunguke.

"Mgeni, muda wako umekwisha," ulisema kwa upole. "Subiri mwenyeji akufungulie."

Akasubiri. Ndani alisikia kijiko kikikoroga kikombe, taratibu, kama cha mtu asiye na haraka. Hatimaye mlango ukafunguka, na Saumu akasimama pale, wima kabisa, amejifunga kanga ya Mwanahawa.

"Karibu, wifi," alisema. "Unywe chai kwanza, ndipo uende."